Debe Lile Uliliona Sawasawa

Nyemo mwanangu,

Umekwenda Chang'ombe kuwaaga shangazi zako, na najua hawatakuachilia mpaka umekula. Baba yako yuko stesheni anahakikisha behewa lako la kesho. Nyumba iko kimya. Sanduku lako la bati liko mlangoni limefungwa kamba, nami nimeketi na daftari lako la zamani la jiografia, lile lililobakiwa na kurasa nyeupe nyuma. Ni saa nane mchana. Nataka nimalize kabla hujarudi.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutoazima vitu vya wenzako baba yako amekueleza mara tatu, na mara ya tatu ulicheka. Sitayarudia. Unajua kufua, unajua kupika, unajua kujinyamazia mtu akikuudhi. Hilo la mwisho ulijifunza kwangu, na ndilo linalonitia kalamu mkononi.

Mwalimu wangu wa darasa la saba alitukataza kuanza barua kabla hatujajua jambo tunalotaka kulisema. Jambo langu nalijua. Nimelijua kwa miaka kumi. Nitaliandika hapa juu kabisa, ili hata mkono ukilegea huko mbele, liwe limekwisha kuandikwa: siku ile sokoni Majengo hukusema uongo. Kitako cha debe kilikuwa kimebonyezwa kwenda ndani. Uliona sawasawa. Aliyesema uongo ni mimi.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa, maana ulikuwa na miaka tisa, na mtoto wa miaka tisa huona kitu kimoja kikubwa na kukosa vingine vilivyokizunguka.

Wakati ule biashara ya nafaka ilikuwa imefunguliwa. Hapo kabla, mtu akisafirisha gunia kinyemela alinyang'anywa barabarani. Ghafla tukaambiwa kila mwenye nguvu anunue na auze mchana kweupe. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za rangi. Mshahara wa baba yako, tarishi wa ofisi, ukawa kama maji ya kunawa. Nikachukua gunia moja la uwele, nikapata nafasi pale Majengo kati ya Mama Sechelela na Bi Zuhura, yule mwenyeji wa Kolo kule Kondoa uliyempenda kwa sababu ya karanga zake.

Kila muuzaji alikuwa na debe lake, na wiki ya kwanza sikuelewa kwa nini wenzangu wanauza bei ya chini kuliko mimi na bado magunia yao hayaishi. Mama Sechelela akanihurumia. Akalipindua debe lake mbele yangu kama mtu anayeonyesha kidonda. Kitako kilikuwa kimegongwa nyundo, kimeingia ndani kama kitovu. Debe likijaa uwele na kufutwa juu kwa kijiti, mteja anaona limejaa, naye anaamini macho yake. Kilichopungua kiko chini, asikokuona.

"Wewe unauza kwa debe la kanisani," akaniambia. "Hapa ni sokoni, shoga yangu."

Nilikwenda Kizota kwa fundi bati. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kujitetea, lakini fundi hakuniuliza kitu. Alilipokea debe, akaligeuza, akasema tu, "Vidole viwili au vitatu?"

Nikasema viwili. Nikarudi nyumbani nimejiona mcha Mungu, kwa sababu sikusema vitatu.

Nakueleza hilo la vidole kwa sababu ndivyo nilivyokuwa, na pengine ndivyo walivyo wengi. Sikuingia dhambini kwa kukimbia. Niliingia nikiwa nimejipimia kiasi, na kile kiasi ndicho kilichonifanya nisione aibu. Bi Zuhura peke yake debe lake lilikuwa bapa. Bei yake ilikuwa juu kidogo, wateja wake wachache, na hakuwahi kutusema.

Ile Jumamosi ulikuwa umekuja kunisaidia. Mvua zilikuwa mbaya mwaka ule, na watu wa vijijini waliokuwa wakituuzia nafaka wakawa ndio wanunuzi. Akaja bibi mmoja kutoka Nala, mwembamba, miguu imepauka vumbi mpaka magotini. Alitusalimu Kigogo, "Mbukwenyi," akatua gunia lake tupu, akaomba debe moja la uwele. Nikajaza, nikafuta juu. Nilikuwa nainua debe nimmiminie, ndipo uliposema.

"Bibi, mwambie mama akupimie kwa debe la Bi Zuhura. Hili la kwetu lina kitovu kimeingia ndani."

Ulisema kama anayemwonyesha mtu shimo njiani, bila ubaya wowote. Sauti yako ilikuwa safi, na soko zima likasikia.

Mama Sechelela akapiga makofi akicheka. "Eee, Mama Nyemo! Umezaa askari wa mizani!"

"Mpeleke akawe bwana afya," mwingine akadakia, "atufungie soko!"

Nilikupiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu anayezima moto. Kisha nikasema, "Mwongo wee! Nani kakufundisha uongo huo?"

"Hakuna, mama. Niliingiza mkono nikilisafisha."

"Unaendelea? Mwombe bibi radhi. Mwambie umesema uongo."

Ulinitazama. Nimekuwa nikikwepa kulikumbuka jicho lile kwa miaka kumi, na leo nimelikaribisha hapa mezani liketi nami. Hukuwa na hasira. Ulikuwa unanisubiri. Ulidhani kwamba nitacheka na kulipindua debe, kwamba mchezo una mwisho wake. Nilipokunja uso ndipo ulipomgeukia bibi ukasema, kwa sauti ndogo, "Nisamehe bibi, nimesema uongo." Nami nikakuamuru useme tena, wa nyuma wasikie.

Yule bibi alisema, "Basi, basi. Mtoto hana neno." Akatwaa uwele wake akaenda.

Kama jambo lingeishia sokoni, labda ningekwisha kukwambia siku nyingi. Lakini uongo wangu ulihitaji kulishwa. Nilipofika nyumbani nikamwambia baba yako kwamba umeanza tabia ya uongo. Kikombe kikavunjika, ukasema ni paka, na kweli alikuwa paka, nikasema unaona? Kisha nikaenda mbali zaidi. Nikamwomba mwalimu wako wa shule ya Jumapili akuombee. Wakakupigisha magoti mbele, wenzako wakakuwekea mikono kichwani, wakaomba Mungu akuondolee ulimi wa uongo. Nilikuwa benchi la tatu. Nilisema Amina, na niliisema kwa nguvu.

Tangu wiki ile ukawa mtu wa maneno machache. Watu wakanisifu kwamba nimelea binti mtulivu.

Sasa sikia upande wangu, si kwa ajili ya kujitetea, bali kwa sababu wiki iliyopita ulimwambia baba yako neno ambalo nitalifikia. Nilikuwa najua, Nyemo. Usidhani mtu anayetenda hivyo hajui. Nilijua tangu kofi lilipolia. Lakini badala ya kutubu, nikaanza kujadiliana na Mungu.

Nilimwambia: Bwana, kama kweli unataka niliseme jambo hili, nipe ishara. Ulikuwa mwezi wa pili, uwele mashambani umejikunja kama vidole vya wazee. Nikasema, mvua ikinyesha kabla ya Jumapili nitajua ni wewe, nami nitasema mbele ya wote. Ilinyesha Ijumaa. Ilinyesha mpaka korongo la nyuma ya shule likapitisha maji mekundu, na ninyi watoto mkatoka mkapiga kelele. Mimi nilisimama mlangoni nikayaangalia maji yale nikasema moyoni, lakini mwezi wa pili mvua hunyesha kila mwaka.

Hapo nilipaswa kuelewa. Ishara niliipata, na haikunisogeza hata hatua moja. Sikuwa nimeomba ishara ili nitii. Niliomba ili nipate muda.

Baadaye ikaja mikutano mikubwa ya injili uwanjani, yenye vipaza sauti na taa. Unaikumbuka, uliponiomba uje nikakuacha na baba yako. Mhubiri aliwaita wenye mizigo mbele, na aliyemgusa alianguka chali. Nikasema, haya, hii ndiyo yenyewe. Nikianguka kama wanavyoanguka wenzangu, nitajua Mungu amenishika, nitaondoka hapa moja kwa moja kwenda kusema. Nikajipanga mstari. Mhubiri akanigusa paji la uso. Nikabaki nimesimama. Akanigusa tena kwa nguvu kidogo. Nikabaki nimesimama. Msaidizi wake akaninong'oneza nyuma ya sikio, "Mama, legeza magoti."

Nilirudi nimekasirika na Mungu. Kesho yake sokoni Bi Zuhura aliniona uso, akauliza, nikamweleza habari za mkutano. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Kumbe ulikwenda kuanguka! Mbona umerudi mzima?"

"Usinicheke, Bi Zuhura. Nilitaka Mungu anionyeshe jambo."

"Lipi hilo?"

Nikalisogeza debe langu pembeni. Naye akaacha kucheka. Alikuwa akichagua mawe kwenye choroko, na hakuinua macho.

"Mama Nyemo, mimi dini yako siijui, nawe yangu huijui. Ila nimekaa na wewe meza kwa meza mwaka mzima. Unataka Mungu akuonyeshe lipi? Debe unalijua. Mtoto unamjua. Usimsumbue Mwenyezi Mungu kwa jambo ulilo nalo mkononi."

Hakukuwa na mvua siku ile. Hakukuwa na sauti wala ndoto. Palikuwa na vumbi tu, na punda wa mkaa aliyesimama katikati ya njia akakataa kuondoka. Mchana wake nilichukua debe nikaenda Kizota kwa miguu.

Fundi alilipokea, akasema, "Nikuongezee kidole?"

"Hapana. Lirudishe lilivyokuwa."

Akanitazama, akalipindua, akatazama ndani. "Wote huniletea nigonge kwenda ndani. Wewe ndiwe wa kwanza kuniletea nigonge kwenda nje." Akaligonga. Hakutaka malipo, alisema kazi hiyo hajui inaitwaje.

Mwanangu, kama ningeishia hapo ningekuandikia barua nzuri ya ushuhuda, na ungepaswa kunisifu. Lakini hapa ndipo nilipokosa zaidi, na ni mahali ambapo sikuwahi kusikia mtu akipahubiri.

Nilitubu kwa siri. Nilinyoosha debe, nikaanza kupima sawasawa, nikapandisha bei, nikapoteza wateja, nikajiona nimemalizana na Mungu. Nilisema, yeye anaona sirini, basi na yaishe sirini. Jumamosi iliyofuata ukaja sokoni. Ulidhani sikuoni. Ulisubiri nigeuke kumhudumia mtu, ukaingiza mkono kwenye debe tupu mpaka kwenye bega, ukapapasa kitako. Kilikuwa bapa. Ukapapasa tena, taratibu, pembe kwa pembe. Kisha ukautoa mkono wako ukautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Nilikuona, Nyemo. Nilikuona nikanyamaza, nikaendelea kumfungia mtu gunia lake.

Kwa hiyo toba yangu ya siri ilikufanya mwongo mara ya pili, na safari hii mbele ya macho yako mwenyewe. Mara ya kwanza nilikunyang'anya neno lako. Mara ya pili nilikunyang'anya na ushahidi. Nimejifunza kwa njia hiyo, na ni somo la gharama: mtu akimkosea Mungu na mwenzake kwa pamoja, hawezi kumalizana na Mungu peke yake kwa sababu Mungu hana uso wa kutazamwa sokoni, mwenzake anao.

Miezi michache baadaye nilimtafuta yule bibi. Nilibeba uwele kwa baiskeli ya baba yako mpaka Nala, nikaulizia mpaka nikafika kwake. Alikuwa anatwanga. Nilipiga magoti mavumbini nikamwamkia, nikamweleza yote, na nikamwambia nilichobeba ni chake kilichopungua. Alinisikiliza huku mchi umesimama kinuni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua, bibi?"

"Mimi nimepima uwele kabla mama yako hajazaliwa. Uzito niliutambua nilipojitwika. Lakini ningekwenda wapi? Nyumbani walikuwa hawajala." Akatwanga mara mbili tatu, akasimama tena. "Yule mtoto hajambo?"

"Hajambo, yuko shule."

"Yeye umekwisha kumwambia?"

Nilisema bado.

"Basi umekuja mbali," akasema, "ukamruka wa karibu."

Alinipa mlenda mkavu kwenye kifurushi nikuletee. Uliula. Ulisema ni mtamu, ukauliza umetoka wapi, nikasema sokoni. Tazama jinsi uongo ulivyo rahisi.

Barabara nzima kutoka Nala nilikuwa nimeamua kukwambia jioni ile. Nilipofika ulikuwa unafanya hesabu sakafuni, nikasema, asije akachanganyikiwa, ana mtihani. Kisha nikapata ishara yangu ya mwisho, na hii ndiyo iliyodumu. Nilisema, siku Nyemo atakaponiuliza mwenyewe habari za debe, hiyo ndiyo itakuwa ishara kwamba wakati umefika. Nikangoja. Ukamaliza darasa la saba, ukaenda sekondari, hukuuliza. Nikajifariji kwamba umesahau. Ningekuwa na akili ningejua kwamba mtoto aliyepigwa kofi kwa kusema jambo hawezi kuwa ndiye wa kuliuliza.

Sasa nafika kwenye neno lako.

Alhamisi iliyopita baba yako aliniita nje, akaketi kwenye tofali, akasema, "Nimemwuliza Nyemo kwa nini kila Jumapili ya meza ya Bwana anabaki benchi."

"Kasema nini?"

"Kasema hana hakika na nafsi yake. Wenzake wanashuhudia wameona hiki na kile, yeye hajaona kitu, na hata akiona hajui kama aamini. Kasema," na hapo baba yako akashusha sauti, "kasema utotoni aliona kitako cha debe kimebonyea, angeapa, na alipokwenda kukagua kilikuwa sawa. Tangu hapo hajui macho yake yanamwambia nini. Ndiyo maana nakuuliza, Mama Nyemo. Debe gani hilo?"

Nilimwambia. Miaka kumi na moja ya ndoa kabla ya debe, na kumi baada yake, na hakujua. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Nilimchapa kwa ajili ya kile kikombe." Nilikuwa nimesahau kikombe. Yeye hakusahau.

"Nitamwambia," nikasema.

"Utazunguka," akasema. "Nakujua. Utaanza na habari za mvua. Andika."

Basi nimeandika, na kama unavyoona, hata katika kuandika nimepitia kwenye mvua.

Unakwenda Tabora kuwa mwalimu, na muda si mrefu utasimama mbele ya watoto arobaini. Nakuomba jambo moja tu la kazi. Mtoto akikwambia ubaoni umekosea, geuka utazame ubao kwanza, kabla hujamtazama yeye. Najua ungefanya hivyo hata nisingesema. Nimesema kwa ajili yangu.

Kuhusu meza ya Bwana sitakusukuma. Mimi niliyekusukuma upige magoti kwa kosa langu sina mkono wa kukusukuma tena. Ila usiache kwenda kwa sababu hujaonyeshwa kitu. Mimi nilionyeshwa mvua, nikaiita majira. Nilisimama mbele ya mhubiri wa miujiza, nikarudi na hasira. Na siku niliyogeuka kidogo, niligeuzwa na mama wa Kiislamu mwenye ungo wa choroko, kwa maneno ambayo hata mtoto angeyasema. Kwa kweli mtoto alikwisha kuyasema. Nilikuwa naomba mbingu ifunguke wakati aliyenionyesha njia alikuwa na miaka tisa, amesimama pembeni yangu, na nilimpiga kofi.

Imani yangu leo ni ndogo, nayo ni hii: kwamba Mungu hutuambia kwanza lile tunalolijua. Tukilifanya hilo, mara nyingi hapaonekani kitu. Hakuna mwanga. Kuna kwenda Kizota kwa miguu na kurudi umechoka. Lakini nimeona pia kwamba anayekataa kulifanya, hata mwanga ukija atautafutia jina jingine. Ukipata hakika zaidi ya hiyo huko uendako, niandikie, nami nitajifunza kwako.

Nimezungumza na mchungaji jana. Jumapili nitasimama mbele, mahali pale pale walipokupigisha magoti, niseme nilichokuandikia hapa. Mchungaji aliniuliza, "Kwa nini usiseme binti akiwepo? Ingekuwa baraka kubwa kwa kusanyiko." Nikamwambia hapana. Ulikwisha kusimamishwa mbele ya watu mara moja kwa ajili yangu, yatosha. Jumapili wewe utakuwa Tabora, nami nitasema nikiwa peke yangu. Mama Sechelela atakuwepo. Atacheka kwanza, na baadaye sijui. Hilo si langu kulijua.

Nilifikiri sana jinsi ya kukupa barua hii. Kwanza nilitaka kuificha sandukuni chini ya khanga, uikute ukiwa mbali, usome na kulia au kukasirika ambako sikuoni. Nilikwisha kuilegeza kamba ya sanduku. Kisha nikagundua ninachofanya. Nilikuwa nataka tena kutubu mahali nisipoonekana, na kungoja posta iniletee ishara kwamba nimesamehewa. Nikaikaza kamba.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu. Nasikia sauti yako kwa jirani, unamwamkia mzee, anakuuliza habari za safari, nawe unajibu kwa maneno mawili kama kawaida yako. Nitaisaini barua hii, nitakuita uketi, nitakupa daftari mkononi. Nitaketi mbele yako, sitatazama dirishani, mpaka umalize ukurasa wa mwisho. Ukitaka kuniuliza, uliza lolote. Ukitaka kunigombeza, nimekuzaa na naweza kukusikia. Ukinyamaza pia nitabaki nimeketi, na sitakuomba unipe hata mkono ili nijue. Kesho ukipanda treni bila kuninenea neno, nitakuwa nimekwisha kukwambia, nawe utakwenda Tabora na macho yako mwenyewe.

Mama yako,
niliyesema kwamba wewe ni mwongo, nawe ulikuwa mkweli.